Mbona Doto unamtetea, mimi unanipeleka?

Shangazi,
Sisi ni Wakurya wa Tarime. Nina pacha wa miaka 13, wa kike na wa kiume, na bibi yao anataka wote wakatwe Desemba hii. Binti nimekataa katakata. Juzi kijana akaniuliza, "Mama, mbona Doto unamtetea, mimi unanipeleka?" Nimjibu nini?
Mama Pacha

Mama Pacha,
Kwa binti umeshamaliza, na sheria iko upande wako tangu 1998: mlezi anayemkeketesha mtoto wa chini ya miaka 18 anaweza kufungwa miaka 5 hadi 15. Msimu ukikaribia, mtoe hapo mapema, na ujue Dawati la Jinsia la polisi liko wapi. Bibi akishuka bei, "basi achanjwe kidogo tu", mkatalie vilevile.

Sasa kijana. Usimwambie yake si kitu. Madhara hayalingani, kweli. Anayekeketwa huweza kuteseka hadi siku ya kujifungua. Lakini kwa msichana tunakataza hata kuchomwa sindano, jeraha dogo kuliko kuondolewa govi. Basi hatupimi ukubwa wa kidonda peke yake. Tunasema mwili ni wake na hakuridhia. Kijana amekusikia ukimsemea hivyo dada yake, anashangaa mbona yeye haulizwi. Mimi naona ana haki. (Wasomaji Waislamu, ambao hutahiri wavulana wangali wadogo, wataniandikia. Nazisubiri barua zao.)

Utaambiwa UKIMWI. Ni kweli, majaribio ya Kisumu, Rakai na Orange Farm yalionyesha tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa karibu asilimia 60. Ila faida hiyo ni ya anayejamiiana, wala si ya mtoto wa darasa la sita. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilielekeza huduma hiyo kwa wenye miaka 15 na zaidi.

Kinachomsumbua zaidi huenda ni wenzake: wao wataitwa wanaume, yeye mtoto. Kwa hiyo akisema anataka, apelekwe hospitali, akatwe kwa ganzi. Akisema bado, baba yake ndiye wa kumsimamia mbele ya wazee, maana wewe hawatakusikiliza. Muulize akiwa peke yake, bila bibi wala wajomba, na umuulize kabla ng'ombe hajauzwa na pombe haijapikwa.