Tangi la Pikapu Linavuja: Tufanyeje?

Huku kwetu kando ya Ziwa Tanganyika pikapu ni ya watu wote, hata kama mwenyewe ni mmoja. Ndiyo hupeleka dagaa wa Kibirizi na Ujiji hadi Kasulu. Ndiyo humkimbiza mama mja mzito hospitali usiku. Basi tangi lake likivuja, si shida ya dereva peke yake.

Pikapu nyingi za zamani zina tangi la bati, na bati huliwa na kutu. Kutu ya huku ina marafiki wawili. Wa kwanza ni chumvi. Gari likibeba chumvi ya Uvinza, au migebuka iliyotiwa chumvi, maji ya chumvi hushuka chini yakakaa pamoja na tope kwenye mikanda inayoshika tangi. Rafiki wa pili ni maji yaliyochanganyika na petroli. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini kabisa na kulila tangi toka ndani.

Tupige hesabu. Tone moja kila sekunde laonekana si kitu. Matone 20 hivi ni mililita 1. Siku nzima ina sekunde 86,400. Gawanya kwa 20, utapata mililita 4,320, yaani zaidi ya lita 4 kwa siku! Na hiyo ni hasara ya fedha tu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini chini mpaka ukute jiko la mkaa la mama anayekaanga samaki, kisha moto hurudi nao hadi kwenye gari.

Kwa hiyo usitafute tundu kwa kiberiti wala koroboi. Msicheke, wako waliofanya hivyo. Ngojeni mchana, gari liwe nje, mbali na moto na sigara.

Mahali tone linapoangukia si lazima pawe penye tundu. Petroli hutambaa juu ya bati, ikaja kudondoka kwingine. Futa tangi likauke, kisha lipake chaki, ile ile ya darasa la kisomo. Petroli itachora mstari mweusi. Ufuate mstari huo kwenda juu mpaka mwanzo wake. Angalia pia ni wakati gani gari linavuja. Kama ni likiwa limejazwa tu, tazama mpira wa kujazia na gasketi ya geji iliyo juu ya tangi. Huenda ni kukaza klipu tu, au kununua mpira mpya. Lakini likivuja mpaka liishe, tundu liko chini.

Ukipatwa njiani, chukua sabuni ya mche iliyo kavu, uisugue na kuikandamiza tunduni. Petroli haiyeyushi sabuni upesi, nawe utafika nyumbani. Usichokonoe kwa bisibisi, maana bati lililoliwa na kutu litafunguka zaidi. Na abiria washuke!

Kutengeneza hasa kunataka tangi tupu. Ondoa kwanza waya wa hasi wa betri. Toa petroli, uitie katika madumu yenye vifuniko yaliyowekwa chini ardhini. Usiivute kwa mdomo, kwani ikiingia mapafuni yaweza kuua. Wala usiimwage ufukoni, watu huteka maji pale. Tundu dogo huzibika kwa gundi ya chuma ya kuchanganya, ile ya mirija miwili, baada ya kupiga msasa mpaka bati ling'ae na kukauka kabisa.

Tundu kubwa ni kazi ya fundi wa kuchomelea, na hapa ndipo watu hufa. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke. Cheche moja hulipasua kama bomu. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa, kisha lijazwe maji mpaka karibu na tundu, tundu likiwa upande wa juu na mdomo wa tangi ukiwa wazi. Fundi akikuambia, "Aa, hili limeshakauka, halina kitu," chukua tangi lako uondoke.

Likirudi, likaushwe, litiwe petroli kidogo, lilale usiku mmoja nje ya nyumba. Asubuhi kagua chini kabla ya kujaza.

Maswali kwa kikundi: Matone yakikoma tangi likibaki nusu, tundu litafutwe wapi? Na tone moja kila sekunde 2, kwa siku 7, ni lita ngapi?