Nishati Ionekane kwa Macho: Kwa Wazazi na Walimu wa Himbi

Mtoto wa Himbi, mtaa wa Goma, amezungukwa na nishati pande zote. Kaskazini uko Nyiragongo, mlima uliomwaga lava hadi katikati ya mji mwaka 2002. Katika kina cha maji ya Ziwa Kivu zimeyeyuka mita za ujazo zipatazo bilioni 60 za gesi ya methani. Nyumbani mama anapepea makala kwenye babula. Lakini darasani nishati humfikia kama orodha ya kukariri. Sisi tunasema afundishwe kwa majaribio anayoyaona, na kifaa cha kuanzia kiko barabarani: chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo.

Chukudu yenye mzigo wa kilo 200 ikisimama juu ya mteremko inaonekana imetulia tu, kumbe nishati imo tayari, kwa sababu yupo aliyetoka jasho kuipandisha. Ikiachiwa, nishati hiyo inageuka mwendo. Mwendeshaji akikanyaga mpira wa breki kwenye gurudumu la nyuma, mwendo unakwisha. Nishati imekwenda wapi? Watoto wasugue kipande cha mpira kwenye ubao mara 30, kisha wakiguse kwa shavu: jibu ni lile joto. Wakubwa wapige hesabu. Kilo 200 zikishuka mita 10 hutoa jouli 20,000 hivi. Kuchemsha lita moja ya maji yenye nyuzi 20 hapa Goma, ambako kwa sababu ya mwinuko maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, hudai jouli zaidi ya 300,000, yaani miteremko kama 16 kwa lita moja! Aliyeifanya hesabu hiyo ataelewa kwa nini sufuria ya maharagwe inamaliza makala.

Wapo watakaosema huo ni mchezo, na mtihani haumngoji anayecheza. Wana haki kwa sehemu. Mwaka 2004 Catherine Crouch na wenzake wa Harvard walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wao wa fizikia: waliotazama onyesho tu hawakulielewa kuwazidi sana wale ambao hawakuliona kabisa, waliobashiri matokeo kwanza ndio waliofaidika. Hao walikuwa watu wazima wa chuo kikuu, lakini hatuoni kwa nini mtoto atofautiane nao katika hili. Basi darasani, kabla chukudu ndogo ya mti haijaachiwa kwenye mteremko, kila mtoto aweke jiwe pale anapodhani itasimama. Akikosea, atataka kujua sababu.

Hofu ya hatari ni ya kweli katika mji unaoyajua mazuku, ile hewa inayoua itokayo ardhini. Kwa hiyo petroli, umeme wa nyumba na gesi ya ziwa visiguswe, na kaa la moto lishikwe na mwalimu peke yake. Darasa likijaa mno, jaribio lifanyike uwanjani. Maelezo yaanze kwa Kiswahili, istilahi za Kifaransa zifuate.

Mteremko ukishazoeleka, waelezwe habari za Matebe, huko Rutshuru, kituo kilichozinduliwa mwaka 2015, ambako maji ya mto yanayoporomoka huzungusha mitambo ya umeme. Kisha waulizwe: chukudu ilipandishwa na mtu, je, maji hayo yalipandishwa na nani? Waachwe wabishane mpaka mmoja wao aangalie mawingu, kisha jua.