Baridi ya Theluji Wakati wa Mavuno
Somo: Mithali 25:13

Fungu letu la leo ni fupi, nalo aghalabu husomwa haraka na kuachwa. Lamfananisha mjumbe mwaminifu na baridi ya theluji siku za mavuno, kwa kuwa awaburudisha wale waliomtuma.

Sisi watu wa Mbeya na Iringa tunayo sababu ya kulielewa vibaya. Kwetu mavuno na baridi huja pamoja. Mahindi huvunwa Juni na Julai, nyakati zile zile ambapo huko Kitulo na Makete jalidi huonekana alfajiri juu ya majani, nyeupe kama chumvi, na majani ya viazi vilivyochelewa shambani hugeuka meusi jua likipanda. Wakulima wa chai wa Mufindi nao waijua hasara yake. Basi mvunaji wa kwetu aliyejitanda blanketi akiambiwa kwamba mjumbe mwema ni kama baridi wakati wa mavuno, atauliza ni wema gani huo! Wanafunzi darasani walituuliza vivyo hivyo, na swali lao lilikuwa la haki.

Twende Palestina basi. Huko shayiri na ngano huvunwa kati ya Aprili na Juni, mvua zikiwa zimekwisha na jua likiwa kali. Wakati huo theluji haianguki mashambani. Tena sura inayofuata, 26:1, yaihesabu theluji wakati wa hari kuwa jambo lisilofaa kabisa. Je, Mithali yajipinga yenyewe? Hapana. Wafafanuzi wengi waona kwamba katika fungu letu mwandishi aifikiria theluji iliyobaki juu mlimani, kama Hermoni wenye meta 2,814, au Lebanoni, ambayo watu wa nchi zile walizoea kuichukua ili kupoza vinywaji. Theluji ikimwangukia mvunaji ni hasara; ikiletwa kwake kutoka mlimani ni burudisho. Lakini haishuki yenyewe. Lazima mtu aipandie, naye ashuke nayo kabla haijayeyuka.

Katika nchi yetu mlima wa namna hiyo ni Kilimanjaro. Rungwe yetu, yenye meta karibu 2,960, haifikii kimo cha theluji ya kudumu. Na habari ya theluji ya Kilimanjaro ilipelekwa Ulaya na mjumbe wa Kanisa, Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misioni cha Kianglikana, CMS. Alikuwa akikaa Rabai, karibu na Mombasa. Tarehe 11 Mei 1848, asubuhi, akiwa safarini kwenda Uchagga, aliona weupe juu ya mlima, akadhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake. Kiongozi hakuwa na jina la kitu kile. Alisema ni baridi tu. Angalieni neno hilo! Rebmann akatambua kwamba ni theluji, akaandika kama alivyoona.

Habari zake zilichapishwa mwaka 1849, na huko London mtaalamu wa jiografia, William Desborough Cooley, akazikataa. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani. Bwana huyo hakuwahi kukanyaga Afrika, ila alikuwa na vitabu vingi. Mwaka 1862 msafiri Karl von der Decken alipanda sehemu ya mlima akaangukiwa na theluji, na mwaka 1871 mmisionari wa Kimethodisti, Charles New, aliifikia hata kuishika kwa mikono. Rebmann hakurudi Ulaya kujitetea. Aliendelea na kazi yake ya kuhubiri na kuandika kamusi mpaka mwaka 1875, aliporudishwa kwao, na macho yale yaliyoiona theluji yalikuwa yamekwisha kupofuka. Alifariki mwaka uliofuata.

Kileleni kabisa walifika Hans Meyer na Ludwig Purtscheller mwaka 1889. Tarehe 3 Oktoba waliondoka kambini saa nane unusu usiku, wakakuta ukuta wa barafu, wakawa wanakata ngazi kwa shoka, hatua moja moja. Alasiri walifika ukingoni, wakaona kwamba kilele chenyewe kiko mbali kidogo na saa zimekwenda, wakarudi. Tarehe 6 waliondoka saa tisa usiku. Ngazi zile zilikuwa zingalipo katika barafu, na saa nne unusu asubuhi walikuwa juu, meta 5,895. Hata leo wapandaji wengi huianza sehemu ya mwisho karibu na saa sita usiku, kwa sababu changarawe iliyoganda haiporomoki chini ya mguu kama mchana, na mawingu hupanda baadaye. Watakao kuiona barafu yenyewe wasikawie miaka mingi: wataalamu wamepima kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007 asilimia 85 ya eneo lake ilitoweka.

Vitabu huwasifu wale wawili. Lakini kambini, kwenye meta zaidi ya 4,300, alibaki Mwini Amani wa Pangani, mtu wa pwani, aliyezaliwa kwenye joto na minazi. Alilinda hema na kuwahudumia, na wapagazi walipanda mara kwa mara kutoka Marangu na chakula. Safari ya alfajiri ilisimama juu ya watu hao. Chakula kingechelewa, ngazi zile za barafu zisingemfaa mtu. Kwa maoni yetu, hao ndio walio karibu zaidi na fungu la leo.

Kwa mazungumzo ya jumuiya, linganisheni fungu hili na Mithali 13:17 na 26:6. Kisha mfikirieni yule anayetumwa na Padre kwa miguu hadi mtaa wa mbali, mwezi wa Julai, kupeleka taarifa ya msiba au ya ubatizo, naye akafika na kusema kama alivyoambiwa, bila kutia chumvi. Je, katika mtaa wenu ni nani huyo, na akifika hupewa hata chai?