Umefungiwa Nyumbani? Chukua Daftari

Machi 2020 Korona ilifunga shule Kenya, Uganda na Tanzania. Uganda hazikufunguliwa zote mpaka Januari 2022. Si mchezo!

Huenda umeshasikia habari za Isaac Newton. Mwaka 1665 tauni ilipofunga Chuo Kikuu cha Cambridge, alirudi kwao kijijini Woolsthorpe, kijana wa miaka 22, akazama katika hesabu na kuchunguza mwanga. Sawa, lakini wengi husahau kwamba daftari lake la maswali alilianza kabla ya tauni. Upweke ulimpa nafasi tu.

Wewe si lazima uwe Newton (na kuchota maji nani atakusaidia?). Ukitengwa kwa sababu ya ugonjwa, jiulize kila jioni: Leo nini kimeniudhi? Nimemkumbuka nani, na kwa nini? Andika ovyo ovyo, hakuna wa kusahihisha. Baada ya wiki, soma tena. Pengine utagundua kwamba kumbe hukukosa disko, ulimkosa rafiki mmoja tu.

Ila kujichunguza si kujilaumu. Wazo moja likikuzungusha usiku kucha, huli, hulali, funga daftari. Ongea na shangazi, mwalimu au nesi, kwa simu au hata kupitia dirishani.