Premio, Allion au Mark X?

Swali: Msomaji wa Nakuru, baba wa watoto watatu, anataka saluni iliyotumika kutoka Japani. Achukue Toyota Premio, Allion au Mark X?

Jibu: Mark X inatamanisha, hilo halina ubishi. Ila chini ya boneti mna injini ya V6 isiyopungua lita 2.5, na kwenye foleni za asubuhi za kupeleka watoto shule itakunywa mpaka pesa ya unga.

Premio na Allion ni ndugu wa tumbo moja: chesisi na injini zilezile, tofauti ni sura na mapambo ya ndani. Anayeongeza pesa ili apate Premio analipia zaidi jina. Injini ya 1.5 yatosha mjini. Anayepanda Mau Summit na familia nzima, buti likiwa limejaa, ataishukuru ya 1.8.

Toyota iliacha kuziunda zote mbili mwaka 2021, na Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Za kuagiza zitazidi kuadimika.

Kabla ya kulipa, adai karatasi ya mnada wa Japani: alama ya R humaanisha gari liligongwa likatengenezwa. Kisha fundi wake mwenyewe, si wa muuzaji, akague mafuta ya gia ya CVT. Yakinuka kama yameungua, aliache palepale.