Baba Aliyegeuka Mbwa: Mnyama Hasa ni Nani?



Kabla ya kuendelea, fungua Biblia usome Danieli sura ya 4.

Juzi baada ya jumuiya tuliangalia filamu ya The Shaggy Dog, ile ya mwaka 2006 aliyoigiza Tim Allen. Hiyo ni ya kurudiwa. Ya kwanza Disney waliitoa mwaka 1959, na humo anayegeuka mbwa ni kijana, ambaye baba yake hataki mbwa hata kuwaona. Kwenye hii ya 2006 anayegeuka ni baba mwenyewe. Hapo ndipo iliponigusa.

Baba huyo, Dave, ni mwendesha mashtaka. Kwake kazi kwanza, nyumbani baadaye. Binti yake anatetea wanyama, hawaelewani. Mtoto wa kiume anapenda kuimba na kuigiza, lakini anacheza mpira ili kumridhisha baba. Siku moja Dave anang'atwa na mbwa, basi anaanza kubadilika: mara anguruma, mara akimbize paka. Tulicheka mpaka mbavu zikauma! Ila akiwa mbwa, wanawe wanaongea mbele yake bila woga. Ndipo anasikia mambo ambayo akiwa baba hakuwahi kuyasikia.

Filamu ilipoisha, mdogo wetu mmoja akaniuliza: "Kaka, kumbe na Wazungu nao wana watu wanaogeuka fisi?" Wenzake wakacheka. Mimi nikanyamaza.

Kwa sababu hapa Mkula na Usukumani kote, maneno hayo si ya kuchekesha siku zote. Fisi akilia usiku, kuna anayetaja jina la bibi fulani. Na wapo bibi zetu waliouawa kwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, eti kwa kuwa macho yao ni mekundu. Macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni, miaka na miaka ya kuwapikia watoto na wajukuu! Sasa jiulize: usiku ule, aliyegeuka mnyama ni bibi, au ni yule aliyeshika panga?

Turudi kwenye somo letu. Mfalme Nebukadneza alitembea juu ya jumba lake akijisifu kwa Babeli aliyoijenga. Akafukuzwa kati ya watu, akala majani kama ng'ombe. Hakuna mchawi aliyemroga. Kiburi ndicho kilichomshusha. Naye alipoinua macho mbinguni, akili zake zikamrudia.

Nebukadneza alikuwa hamsikilizi Mungu, Dave alikuwa hawasikilizi wanawe. Utu unaanza kupotea masikio yanapozibwa. Tusiwasukumie wazazi peke yao, na sisi vijana tumo. Ni lini mara ya mwisho umekaa na bibi yako ukamsikiliza mpaka akamaliza? Mtu uliyekaa naye, ukajua habari zake, si rahisi kumwita fisi.

Mtume Yakobo (1:19) anatuasa tuwe wepesi wa kusikia na wazito wa kusema na wa kukasirika. Nadhani mauaji mengi yangekoma kama mtaa mzima ungeishika aya hiyo moja.

Tujadiliane kwenye kikundi:
1. Nyumbani kwenu, nani anaongea na hakuna anayemsikiliza?
2. Ukisikia mtu anaitwa mchawi, utasema nini, na utampeleka nani taarifa mapema?
3. Ni kitu gani umekifanya ili kumridhisha mzazi, na hujawahi kumwambia ukweli?

Kazi ya wiki: mtembelee mzee mmoja anayeishi peke yake. Mchotee maji, kisha kaa chini umsikilize.

Tuombe: Ee Bwana, fungua masikio yetu kabla hatujafungua midomo. Tuondolee kiburi, uturudishie utu. Uwalinde bibi na babu zetu usiku wa leo. Amina.