Kuishiwa Pumzi kwa Wenye Shinikizo la Damu

Mtu mwenye shinikizo kubwa la damu anapoanza kuhema kwa shida, aghalabu jamaa zake hudhani ameshikwa na pumu. Hununuliwa dawa ya kifua, na majuma hupita. Yamkini mapafu hayana kosa. Chanzo ni moyo. Kulifahamu jambo hili kwatosha fizikia na biolojia ifundishwayo katika shule za sekondari.

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma karibu lita 5 za damu kila dakika. Shinikizo katika ateri (ndilo lile tuliitalo kanieneo katika fizikia) hufikia kilele cha milimita 120 hivi za zebaki. Kwa kuwa zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji, shinikizo hilo lingeweza kuinua maji sentimita 163, yaani kimo cha mtu. Kwa mgonjwa mwenye 180, kimo hicho huwa sentimita 245, na moyo wake huifanya kazi hiyo usiku na mchana.

Msuli ufanyishwao kazi nzito hunenepa. Mkono wa mpiga makasia hufaidika kwa hali hiyo, lakini moyo haufaidiki: ukuta wa chumba chake cha chini cha kushoto hukakamaa, kikashindwa kulegea na kupokea damu ipasavyo. Miaka ikipita huenda kikatanuka na kudhoofu. Hali hizo huitwa moyo kushindwa kazi, jina ambalo, kwa maoni yangu, huwatisha wagonjwa kupita kiasi, kwani moyo haujasimama, umezidiwa.

Damu itokayo mapafuni sasa hukuta njia imesongamana, na shinikizo katika kapilari za mapafu hupanda. Protini za damu huyavuta maji yabaki mishipani, kwa njia ya osmosisi, kwa nguvu ya milimita 25 hivi za zebaki. Shinikizo la kapilari hizo, ambalo kwa kawaida ni 10 hivi, likikipita kikomo hicho, maji huvuja hata kwenye vifuko vya hewa. Mgonjwa alalapo chali, damu iliyokuwa miguuni hurejea kifuani. Ndiyo sababu huamka usiku akitafuta hewa na kuomba mto wa pili, kisha wa tatu. Mwalimu na awaulize wanafunzi kwa nini mtu huyo hupata nafuu akiketi miguu ikining'inia.

Utafiti wa nchi 9 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2012, uliwachunguza wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa maradhi haya ya moyo. Shinikizo la damu lilikuwa chanzo kwa 45 hivi katika kila 100, na wastani wa umri ulikuwa miaka 52: umri wa mzazi mwenye watoto shuleni bado.

Dawa za kuongeza mkojo, kama furosemaidi, hutoa chumvi na maji ya ziada. Nyingine huilegeza mishipa. Shinikizo kwa kawaida haliumi, hivyo wengi huacha vidonge wajisikiapo vyema, na maradhi huendelea kimyakimya. Shirika la Afya Duniani hushauri chumvi isiyofikia gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huzifanya figo zizuie chumvi. Mgonjwa asivimeze bila kumwuliza daktari. Ajipime uzito kila asubuhi: kilo 2 zikiongezeka kwa siku 3, yaelekea si unene bali ni maji, naye arudi kliniki. Akihema hata akiwa ameketi, au akitema povu la rangi ya waridi, apelekwe hospitali saa ile ile, na njiani aketishwe, asilazwe.